Mkojo wa Jengo Zima

Profesa Pillay alipokuwa anaagwa kustaafu walinialika, nikapanda ndege kutoka Dar hadi Durban kwa sababu moja tu: nilitaka kuona kama atanitambua. Alinitambua. Alinishika mkono mbele ya watu, sahani yangu ya sambusa ikaenda upande, akawageukia vijana wake wa maabara akasema, "Huyu ndiye mwanafunzi pekee niliyewahi kumwamuru akojoe kwenye kopo nimpime, maana nilikuwa na hakika ananidanganya." Ukumbi mzima ukacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa ukishafika umri huu, una cheo chako na miwani yako, unaweza kuchekwa na ngozi isichubuke. Lakini nilimtazama yule mama, mwembamba vilevile, miwani imening'inia kwenye mnyororo uleule wa shanga au mwingine wa kufanana nao, nikasema moyoni, ala, kumbe mpaka leo anasimulia nusu. Nusu anayoijua yeye ilitokea maabara. Nusu nyingine ilitokea jikoni kwa Mama Sifa, mtaa wa Umbilo, na hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza.

Mwaka wenyewe ni ule wanaouita Honours. Umeshapata digrii ya kwanza, unabaki mwaka mmoja zaidi ufanye utafiti wako mwenyewe, mdogo lakini wako, na ukiuharibu huo, mlango wa uzamili umefungwa. Mimi niliutaka mlango ule kuliko nilivyotaka kula. Utafiti wangu ulihusu chumvi: sisi wahamiaji tunaozungumza Kiswahili pale Durban, Wakongo na Watanzania, tunakula chumvi kiasi gani na inatufanyia nini mwilini. Sasa, chumvi anayokula mtu huwezi kuijua kwa kumwuliza. Atakwambia "kidogo tu" huku anaramba vidole. Unachofanya ni kumpa dumu la plastiki lenye mfuniko, akojoe humo siku nzima, mchana na usiku, asipoteze hata tone, kisha unalibeba maabara. Nilipoeleza hivyo mara ya kwanza kwenye semina, wenzangu waliandika kwenye madaftari yao kwa heshima kabisa. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amejaribu kumkabidhi mtu mzima wa kwao dumu la namna ile, mkono kwa mkono.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa Mama Sifa. Alikuwa mama wa Kikongo kutoka Bukavu, mnene wa wastani, mwenye saluni ndogo karibu na robot, yaani taa za barabarani, ya Umbilo Road na fleti ya zamani ghorofa ya kwanza, katika jengo lenye veranda ndefu ambako nguo zilianikwa juma zima bila kukauka kwa unyevu wa ule mji. Fleti ilikuwa na vyumba viwili na pazia. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma, yeye cha mbele, na jiko lilikuwa la kila mtu. Nasema la kila mtu na maana yangu ni hiyo: jengo zima lilikula pale. Kulikuwa na bugali, ndio ugali wao, sombe ya majani ya muhogo iliyopikwa mpaka imelainika, maharage, na makayabu, yale mapande ya samaki wa chumvi magumu kama kandambili, ambayo Mama Sifa aliyaloweka kidogo tu kwa sababu alisema ukiyaloweka sana unakula pamba. Hamisi alikuwa hakosi. Huyo alikuwa Mtanzania mwenzangu, mtu wa Mtwara, kifua kipana, kazi yake kufunga mizigo kwenye malori pale bandarini. Na Pasta Elie wa ghorofa ya juu, Mkongo mrefu mwenye suti moja, ambaye siku za kazi aliuza makava ya simu na Jumapili alihubiri kwenye gereji ya kukodi. Walikula, walibishana mpira, walimtania Mama kuhusu kiuno chake, na mimi nilikaa pembeni na sahani yangu nikisikiliza, kwa sababu mimi ni mtu wa kushuku. Ndivyo nilivyo. Ukinipa chai ninatazama kwanza wewe unakunywa nini. Tabia hiyo imenikosesha mchumba mmoja na imenipa kazi nzuri ya maabara, na sijaona sababu ya kuiacha.

Basi nilipowaomba watu wa jengo lile mkojo wao, nilitegemea matusi, mabishano, hata mlango kufungwa usoni. Sikupata hata kimoja. "Hakuna tabu, dada'angu," alisema Hamisi. "Kwa ajili ya masomo? Lete hilo dumu." Pasta Elie alisema elimu ni mwanga. Wasusi wa ghorofa ya chini walitia saini fomu za ridhaa huku mikono ina mafuta ya nywele. Niligawa madumu jengo zima, nikarudi chumbani nimefurahi kupita kiasi. Wiki ikaisha. Nikipita veranda naona madumu yangu yamekauka, moja limewekwa mlangoni kwa msusi lina mchanga na ufagio. Kila nikiuliza, jibu ni tabasamu. "Kesho, dada." "Nimesahau, unajua kazi." "Nipe siku mbili, niko kwenye mfungo." Hapo ndipo nilipoanza kusikia ya pembeni. Jioni moja nimesimama nyuma ya shuka lililoanikwa, nikamsikia Hamisi anamwambia Pasta, "Sasa mimi nitembee na dumu la mkojo bandarini, bwana wee? Nipande nalo juu ya lori?" Pasta akamjibu kwa sauti ya chini kwamba tatizo si kubeba. Tatizo ni linakokwenda. "Ile kitu inatoka ndani ya mwili yako. Mutu akiwa nayo, iko na wewe mukononi. Na kama watu ya uhamiaji iko nyuma yake?" Hamisi akasema, "Yule binti si wa uhamiaji." Pasta akasema, "Sijasema yeye. Nasema nyuma yake."

Wangeniambia hapana ningewaelewa, wallahi. Lakini hawakusema. Mtoto wa watu amekuja na adabu, anasoma, anakula nanyi sahani moja, mnamwambiaje hapana? Kwa hiyo walisema ndiyo, wote, na hakuna aliyetoa. Mimi nilikuwa na tarehe ya kupeleka sampuli, na msimamizi wangu, huyuhuyu Pillay, hakuwa mtu wa kusogeza tarehe. Nilijifungia chumbani nikalia kwa hasira, mto mdomoni. Asubuhi yake Mama Sifa alinikuta namenya ndizi bila kuila. Akasema, "Mutoto yangu, ile ma-dumu yako, kusanya yote uniletee. Watu iko na woga ya kukupatia wewe, juu uko musichana mudogo. Mi niko mukubwa. Watanipatia mimi, nami nitakupatia." Nilimwuliza ana hakika? Akasema, "Bon, mi nimewapikia watu hawa miaka mingapi? Watanikatalia mukojo?"

Na kweli. Kesho yake dumu la kwanza lilikuwa chini ya sinki, limefunikwa kwa kanga yake, limejaa, na karatasi yenye jina la Hamisi. Siku iliyofuata la Pasta. Kisha la msusi mmoja, la mwenzake, la mzee wa ghorofa ya juu aliyekuwa hatoki ndani. Kila siku moja, bila kukosa. Nilikuwa nalitia kwenye begi langu la mgongoni na kupanda nalo kilima kwenda chuoni, nikitembea polepole kama mtu aliyebeba mayai. Ungedhani nilikuwa na furaha. Nilikuwa nayo siku mbili. Siku ya tatu ukaanza ule mwasho wangu wa kushuku. Mambo yalikwenda vizuri mno, na watu waliokuwa wananikwepa veranda sasa wananipungia mkono kutoka mbali. Nikiingia jikoni, mazungumzo yanakatika, kisha mtu anaanza habari za hali ya hewa. Mara moja nilimkuta Hamisi anamwuliza Mama, "Leo ni zamu ya nani?" na Mama akamtupia kitambaa cha kufutia sufuria, wote wawili wakacheka mpaka Hamisi akakohoa. Zamu ya nini? Nilijifanya natafuta kikombe.

Na Mama mwenyewe alikuwa amebadilika. Alikuwa haendi saluni. Yule mama ambaye hata akiwa na homa angekwenda kufungua, sasa alishinda nyumbani, na nikiuliza anasema amechoka, anapumzisha miguu. Miguu yake kweli ilikuwa imevimba. Kandambili zilikuwa zinamwachia alama nyekundu. Lakini niliweka hilo kwenye hesabu ya kusimama miaka yote akisuka watu. Kilichonisumbua ni mengine. Alikuwa anakunywa maji kutwa, birika zima, huku ananiambia joto. Wakati ule wa mwaka Durban hakuna joto. Nikafikiri ana bwana, anakuja mchana sisi tukiwa kazini. Nikafikiri saluni imechukuliwa na hataki kusema. Kisha nikafikiri baya zaidi, kwamba wananitilia maji na majani ya chai kwenye madumu yangu, jengo zima linanicheka, na Mama ndiye mpishi. Siku hiyo nilifungua dumu bafuni, nikaliinamia, nikavuta pumzi kwa pua yote. Haikuwa chai. Nilikaa ukingoni mwa beseni la kuogea nimeshika dumu lenye mkojo wa kweli na bado nilijua nadanganywa, ila sikujua kwa njia gani.

Majibu yalipotoka, Profesa aliniita ofisini na hakuniambia nikae. Kwenye skrini yake kulikuwa na safu za namba. Akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Kuna kitu kinaitwa kreatinini, takataka ya misuli, kila mwili unaitoa kwa kipimo chake. Mwanamume anayefunga mizigo bandarini hawezi kutoa sawa na msusi mwembamba wala na mzee wa kitandani. "Hawa wako," akasema, "wote ni mtu mmoja." Kisha akateremsha kalamu kwenye safu nyingine. "Na tazama protini. Figo nzima haipitishi protini. Figo hizi zinaipitisha kama chujio la chai lililotoboka. Katika kila dumu. Ama una jengo ambalo watu wote figo zao zinakufa kwa mwendo mmoja, ama kuna mtu mmoja aliyejaza madumu yote. Ni wewe?" Nikasema si mimi. Akasema mwanafunzi anayeishi mbali na kwao, ana tarehe ya mwisho, watu wamemkatalia. Kama mimi ningekuwa yeye, ningemshuku nani? Na hapa nitamsifu: hata mimi ningeshuku hivyohivyo. Alifungua droo, akatoa kopo jipya, akaliweka mezani. "Nenda chooni, nitasimama mlangoni."

Nilikwenda. Alisimama mlangoni kweli, nasikia viatu vyake. Sijawahi kupata shida ya kukojoa kama siku ile. Nilikuwa nimekaza meno, machozi yananitoka, nikajiambia Mwanaidi, usipotoa huyu mama atasema ndiye wewe. Nikatoa. Alipima mwenyewe mbele yangu, hakumwachia fundi wa maabara. Safi, hakuna protini. Sikuombwa radhi. Alivua miwani akaiacha ining'inie, akakaa, na kwa mara ya kwanza akaniambia nami nikae. "Basi yupo mtu," akasema. "Siwezi kukupitisha na data hii, hilo ulijue. Lakini kwanza yupo mtu huko unakokaa, na kwa namba hizi asipopata daktari mapema, utamzika. Nenda umtafute. Usirudi kunizungumzia tasnifu kabla ya hapo." Nilishuka kile kilima na begi tupu. Shahada yangu ilikuwa imekwenda, na bado nilichokuwa nawaza ni sahani za pale jikoni, mikono inayoingia kwenye bugali, na kwamba mmoja kati ya ile mikono ni wa mgonjwa asiyejijua.

Nilianza mlango kwa mlango. Nilifikiri mbinu yangu ni nzuri: nitampa kila mtu habari mbaya kama yake, na mwenyewe atajulikana kwa hofu. Hamisi nilimkuta anapiga pasi shati. Nikamwambia, "Kaka Hamisi, dumu lako limetoka vibaya. Figo zina tatizo kubwa." Akanitazama, midomo ikimchezacheza, akasema, "Alhamdulillah kwa yote, dada," akaendelea na kola. Nikamwambia nazungumza juu ya kufa. Akasema, "Sote tutakufa," akageuka ukutani, mabega yanatikisika. Anacheka! Pasta Elie alinyoosha mkono juu akasema anaukataa ugonjwa huo kwa jina la Yesu, lakini aliukataa kwa uchangamfu ambao sijauona hata kwenye harusi, akaniuliza kama nimeshakula. Msusi alinishukuru, akaniambia nywele zangu zinahitaji kushughulikiwa. Nimewabebea watu habari ya kifo na wananichekea usoni. Ndipo nilipojua kwa hakika kwamba hakuna hata mmoja wao aliyetoa, na wote wanajua ni nani, isipokuwa mimi.

Jumapili, baada ya ibada ya Pasta, walikuwa wote jikoni mchana. Mama Sifa alikuwa anasonga bugali, mgongo ametupa, mwiko unapiga sufuria. Makayabu yapo mezani na pilipili. Nilisimama katikati nikasema, "Sikilizeni. Mnanicheka, chekeni. Lakini madumu yote ni mkojo wa mtu mmoja. Shuleni wamejua. Na huyo mtu mmoja anakufa." Hamisi alikuwa na tabasamu bado, likiwa limesahauliwa pale usoni. "Wote?" akauliza. "Si umesema langu?" Nikasema, "La kwako, la Pasta, la kila mtu. Yote mabaya sawasawa. Mwenye huo mkojo figo zake zinakwisha, na sina namna ya kumjua, na ninyi mnamjua." Mwiko ulisimama. Nilikuwa nawatazama wao, macho yao, nikisubiri yataelekea kwa nani. Hayakwenda kwa mtu. Hamisi akatazama sakafu. Pasta akatazama sakafu, amefumbata mikono mbele ya suti yake. Msusi akatazama dirishani. Hakuna aliyethubutu kuangalia upande wa jiko, na kwa hiyo nikaangalia mimi.

Mama Sifa hakugeuka mara moja. Alifunika sufuria, akazima moto, akajifuta mikono mmoja baada ya mwingine. Kisha akavuta kiti akakaa, ile miguu yake iliyovimba akaitanguliza mbele, akaiangalia. "Ya Hamisi iko mubaya?" akauliza. Nikasema ndiyo, Mama. "Ya Pasta?" Ndiyo. "Ya yule mutoto Chantal, mususi? Ya muzee wa juu?" Akawataja wote. Kila jina nilijibu ndiyo, na kila nilipojibu sauti yangu ilipungua, kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa na sikutaka kuendelea kusema. Nilisubiri alie. "Bon," akasema. "Basi hawa wote iko wazima." Akamtazama Hamisi. "Umesikia? Uko muzima, weye mujinga. Kula." Hamisi hakula. Alitoka nje verandani, mtu mkubwa vile, akaegemea ukuta kwenye nguo mbichi za watu, nikasikia analia.

Nilimfokea Mama. Sikuwa na upole siku ile, na sitajitia upole leo. Nilimwambia ameniharibia mwaka, amenidanganya ndani ya nyumba yake, nimepanda kile kilima na mkojo wake mgongoni kila asubuhi nikidhani nafanya sayansi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. "Ulikuwa unalia ndani ya chumba," akasema. "Ulifikiri sisikii? Hawa walikuja hapa jikoni, mumoja mumoja, wananiambia, Mama, tufanye nini, kumukatalia hatuwezi, kumupatia tunaogopa. Mi nikasema, haya, mukojo tu? Mukojo itanishinda? Muniachie." Alikuwa amefunga saluni kwa ajili hiyo, alieleza, maana nilisema tone lisipotee, na huwezi kukimbilia nyumbani katikati ya kichwa cha mteja. Alikunywa maji ili dumu lijae, mimi nisiaibike. Kila mtu alipewa siku yake. Kila mtu alikuwa ametulia, mimi nimetulia, yeye ametulia. "Wewe hukuogopa?" nikamwuliza. "Kama mtu ana mkojo wako anakushika mkononi, kama anavyosema Pasta?" Akanishangaa. "Mais, ni weye," akasema. "Ungenifanyia nini?"

Pasta alijifanya anatafuta chumvi. Kwa Profesa nilirudi nikamwambia mwenye mkojo amepatikana, anakwenda kliniki. Akauliza ni nani, imekuwaje. Nikamwambia siwezi kusema. Vibali vya ukaazi vya Mama havikuwa vya kuchezea, na sikuona kwa nini jina lake liingie chuoni. Nikaona anashuku tena, nikamwacha ashuke na kupanda na shaka yake. Utafiti wangu wa mkojo ulitupwa wote. Alinipa miezi iliyobaki nipime chumvi ndani ya makayabu yenyewe, yaliyolowekwa na yasiyolowekwa, maana samaki, alisema, hatumi mwakilishi. Nilipita, si kwa alama za kujivunia. Figo za Mama Sifa nazo zilishikilia kwa dawa na kwa makayabu yaliyolowekwa mpaka yakawa pamba kweli, muda mrefu kuliko walivyotegemea madaktari, na alipokuja kufariki, miaka mingi baadaye, ilikuwa kwa jambo jingine.

Lakini ile asubuhi ya kwanza ya kliniki tulikuwa hatujui chochote cha hayo. Tulikaa kwenye benchi refu la zahanati ya serikali, baridi, yeye amejifunga vitenge viwili, mkoba mapajani kama anayesafiri. Nesi wa Kizulu, mama wa makamo, alimwita kwa jina lake kamili, jina ambalo hata mimi sikuwa nimelisikia, akampa kikopo kidogo chenye mfuniko wa njano, akamwonyesha choo. Mama Sifa alikipokea. Hakusimama. Alikigeuza mkononi, akakigeuza tena, yeye aliyekuwa amejaza madumu ya jengo zima bila wasiwasi. Akaniinamia sikioni.

"Mutoto yangu. Ya kwako iko muzuri. Walipima, ulinielezea. Nenda unitolee."

"Hapana, Mama."

"Kidogo tu. Ona, kopo yenyewe iko ya mutoto."

"Hapana."

"Mi nilikutolea," akasema.

Sijapata kuambiwa neno zito kuliko hilo, na lilikuwa la haki. Nilisimama, nikamshika kiwiko, nikamwinua pamoja na mkoba wake mpaka mlangoni pa choo, nikausukuma mlango nyuma yake. Nikasimama nje, mgongo ukutani, vilevile Pillay alivyonisimamia mimi. Kisha nikasikia bomba limefunguliwa. Limefungwa. Limefunguliwa tena, taratibu, kama la mtu asiyetaka kusikika. Nikagonga.

"Mama! Si maji ya bomba!"

"Sheitani weye!" akajibu kutoka ndani, na akacheka, kicheko cha jikoni kabisa, kikagonga vigae vya kile choo. Bomba likafungwa. Halafu nikasikia anavuta kamasi. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Hakunitazama. Alinipa kikopo, akaenda kukaa kwenye benchi na mkoba wake. Nilikishika kwa mikono yote miwili, nikihakikisha, kabla ya kumpelekea nesi. Kilikuwa na joto.